Picha ya Chumba Kitupu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nne asubuhi wakati nampanga mteja wa pasipoti, na bati la studio likapiga kelele kiasi kwamba kila nikibonyeza, mteja anafumba macho. Picha tatu, zote kalala. Ya nne nikampiga kabla hajajiandaa, akatoka vizuri, na bado akalalamika.

Mchana nilimpeleka Mama kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwenda, na la kushoto limebaki na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Dawa tutaendelea nayo," daktari alisema, "lakini sitaki kuwadanganya. Mvua zikiisha, huenda na tundu hilo likawa limeziba."

"Mvua za mwaka huu au za mwakani?" Mama akauliza.

Daktari alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Tukiwa njiani Mama akaniambia anachotaka. "Nataka nijione naelea tena. Palepale, chumba kilekile. Kabla halijafunga."

Ndiyo sababu nimenunua daftari hili. Nikiandika, sitaahirisha. Najijua.

Picha anayoitaka ilikaa kwenye kioo cha mbele cha studio utoto wangu wote: Mama, binti wa miaka ishirini, ameketi hewani katikati ya chumba, miguu kaikunja upande, chini yake sakafu tupu. Watu walisimama nje wakibishana. Wako walioapa wameona uzi. Miaka sita iliyopita paa lilivuja juu yake ikagandia kioo, na nilipoibandua, uso ulibaki kwenye kioo na mwili ukabaki mkononi mwangu. Mama hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Jumatano, 6 Machi

Nimefagia chumba cha ndani. Mimi pasipoti nazipiga hapa mbele penye taa. Cha ndani ndicho Baba alichopigia picha zake zote za maana. Kushoto kuna dirisha la nondo. Sakafu ni saruji nyekundu. Nyuma ya mahali pa kamera kuna mlango wa uani unaopokea jua la asubuhi. Na katikati ya sakafu kuna mashimo matatu madogo ambayo Baba aliyachimba kwa patasi, ili miguu ya stendi ya kamera isimame palepale mwaka nenda mwaka rudi. Wageni walidhani ni kazi ya panya.

Kuelea hakuna uchawi. Zamani Baba alifunika nusu ya chini ya lenzi kwa kadi nyeusi, akampiga Mama akiwa juu ya stuli. Kisha stuli ikaondolewa, kadi ikahamia nusu ya juu, na sakafu tupu ikaingia kwenye filamu ileile. Siku hizi unapiga picha mbili, ya mtu juu ya stuli na ya chumba kitupu. Unazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, unaifuta stuli, na chumba kitupu kinajitokeza pale ilipokuwa. Bila chumba kitupu, ukifuta stuli unabaki na shimo.

Kwa hiyo Baba alikuwa na amri: "Chumba kwanza, mtu baadaye." Picha ya kwanza ya kila filamu ilikuwa ya chumba, hata kama siku hiyo hakuna wa kuelea. Amri hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Amri yake ya pili ilikuwa ya Mama. Kila Mama alipokuja kusimama kwenye mlango wa uani kumtazama akifanya kazi, Baba alisema bila hata kugeuka: "Sogea, unanizibia mwanga." Hakuna tafadhali, hakuna nini. Nilikuwa mdogo, ila nililiweka moyoni. Mpaka leo watu wakimsifu Baba mbele yangu, natabasamu tu huku nasikia hayo maneno.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Pasipoti mbili. Mama kauliza lini.

Jumapili, 10 Machi

Kaka kaja kutazama ufa wa ukuta wa nyuma kwenye chumba cha ndani. Kaka ni fundi mwashi, na kama mafundi wote, nyumba ya kwao huwa ya mwisho.

"Usipoziba ufa," nikamwanzia.

"Utajenga ukuta, najua. Na atakayeujenga ni mimi, kwa hiyo niache nipange mwenyewe. Plasta haishiki kwenye ukuta uliolowa. Tungoje ukauke."

"Utakauka lini, na mvua ndiyo kwanza zinaanza?"

"Ndiyo maana nikasema tungoje."

Nikamuuliza tena habari za sanduku la negativu, filamu za Baba zilizosafishwa, alilolichukua baada ya mazishi yake. "Lipo," akasema, kama anavyosema miaka yote. Mimi naamini alilitupa zamani na anaona haya kusema. Mtu wa saruji atajua nini kuhusu filamu?

Jumamosi, 16 Machi

Bi Uzi, jirani yetu fundi cherehani, kaja kumpima Mama. Nimemweleza kazi: gauni refu, pana, lenye kufunika stuli yote, maana nguo ikikalia kitu inajikunja na jicho la mtazamaji linajua. Pindo lifungwe nyuzi mbili nyembamba za kuvutia pembeni, lionekane linapeperuka.

"Mama mkubwa, siku ile ya kwanza ulikuwa na kiuno cha ngapi?" Bi Uzi akauliza.

"Andika tu kwamba nilikuwa nacho," Mama akamjibu.

Jumanne, 19 Machi

Ufa sasa unaingia kidole. Juzi ulikuwa unaingia kucha.

Jumapili, 24 Machi

Nimempiga Mama leo. Nimechoka lakini acha niandike yote.

Mvua ilikata saa tatu, ikaacha mwanga mweupe mtulivu, mwanga ambao Baba angeuita wa bure. Nilisimamisha stendi kwenye mashimo yake matatu. Bi Uzi alimleta Mama kwa mkono, kavalishwa gauni la buluu, na aliponusa harufu ya chumba akasimama kizingitini.

"Kumbe bado pananuka dawa zake," akasema.

Kumpandisha ilikuwa shughuli. Stuli ni ileile ya Baba, ndefu, ya mbao. Mama ana miaka sabini na minne na nyonga yake ya kushoto ni adui wa ngazi. Mimi nilishika kiuno, Bi Uzi akashika mguu, na Mama akashika sikio langu, akidai ndicho kilichokuwa karibu. Alipokaa akatuambia tuache kumtazama kama yai.

"Mama, kunja miguu upande. Inua kidevu. Usijishikilie."

"Nisijishikilie wapi, nikianguka je?"

"Ukijishikilia, picha itajua umekaa."

Akaachia mikono. Sijui nieleze vipi. Alifumba lile jicho lililokufa, akainua uso kuelekea dirishani, na mabega yake ambayo nimeyaona yakishuka mwaka hadi mwaka yakapanda yenyewe. Bi Uzi akavuta nyuzi, pindo likainuka. Nikapiga. Nikapiga tena. Kwenye ya tisa Mama akasema, "Mwambieni baba yenu, sasa hivi nimeelea bila kadi," na sote tukaangua kicheko, Bi Uzi akaachia uzi. Papo hapo nyonga ikambana, akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tukamshusha mbiombio, nikampeleka nyumbani, nikamkanda mpaka jioni.

Ya saba ndiyo picha. Nimeiona kwenye kamera. Ni yeye mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Sikupiga chumba.

Nimeingiza picha kwenye kompyuta asubuhi, nikahesabu: tisa, zote za Mama. Nikarudia kuhesabu kama vile ya kumi ingejificha. Miaka yote nimewahubiria watu "chumba kwanza", na siku moja niliyotakiwa kulikumbuka neno la Baba, nikalisahau kwa ajili ya gauni na kicheko.

Nikajituliza kwamba chumba hakijakimbia. Nikachukua kamera nikaenda.

Nilimkuta Kaka ndani. Kaegemeza boriti nne kwenye ukuta wa nyuma, zimekatiza chumba kizima, na stendi kaisukuma kwenye kona.

"Ziondoe dakika tano," nikamwambia. "Nipige picha moja tu."

"Dakika tano?" Akaweka kiganja ukutani kama daktari kwenye kifua. "Gusa hapa. Unatetemeka. Ulimkalisha Mama humu jana?"

Niligusa, nikauondoa mkono haraka.

"Ulimkalisha Mama mbele ya ukuta huu?"

Tulisemezana maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilimtajia sanduku. Yeye aliondoka bila mwavuli.

Jumatano, 27 Machi

Ukuta umeanguka saa tisa mchana. Haukupiga kishindo nilichokuwa nakingoja. Ulijikalia chini na boriti zake, ukafuatana na dirisha. Hakuna aliyeumia. Nimesimama kwenye mlango wa uani nikatazama mvua ikinyesha juu ya sakafu nyekundu, kwenye mashimo matatu ya Baba, yakijaa maji. Nililia kama mtoto, na sioni haya.

Mama alipoambiwa akauliza kwanza kama Kaka yuko salama. Pili akauliza kama picha ilishatoka.

Nikamwambia bado kidogo.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimejaribu kuichora sakafu kwa mkono kwenye kompyuta, siku nne. Leo nilimwonyesha Bi Uzi.

"Sema ukweli," nikamwomba.

"Anaonekana kabandikwa," akasema. "Kama picha ya mgombea kwenye nguzo."

Kumpandisha Mama stuli nyingine, mahali pengine, haiwezekani. Nyonga haijatulia tangu siku ile. Leo alipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Jumatano, 3 Aprili

Kaka kaja, kalowa, na sanduku la bati begani.

Kaliweka mezani bila salamu, kalifungua. Bahasha za negativu zimepangwa kwa mwaka, na kila kona kuna kopo lenye chokaa kavu.

"Chokaa inakunywa unyevu," akasema. "Nabadilisha kila mvua zikija. Ungebaki nalo studio, na paa lile, lingeoza zamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia mara ngapi? Nilisema lipo."

Kweli, alisema. Miaka kumi na mmoja mtu anabadilisha chokaa kimyakimya kwa ajili ya picha asizojua kuzisoma, na mimi namsema kwa majirani. Nilimpikia chai nikaitia sukari vijiko vinne, anavyovipenda na ambavyo siku zote namkatalia. Akainywa, akasema imekolea.

Kisha akauliza, kama anauliza bei ya misumari: "Mzee si alikuwa anapiga chumba kwanza?"

Nilikaa chini.

Jumanne, 9 Aprili

Nimepitia filamu mia mbili na kitu. Picha ya kwanza ya kila filamu ndiyo iliyokuwa nje zaidi ya mkunjo, na ndiyo iliyoliwa na kuvu tangu enzi za Baba mwenyewe, kabla ya chokaa ya Kaka. Vyumba vitupu vyote vina madoa meupe kama ukurutu.

Isipokuwa kimoja. Kilikuwa chini kabisa, peke yake, kwenye bahasha nene isiyo na tarehe. Juu yake, kwa mwandiko wa Baba: *Usitupe.*

Nikakiweka kwenye mwanga. Ukuta mzima, hauna ufa. Dirisha. Sakafu. Pembe ileile, kwa sababu ya mashimo yale matatu. Nilipiga kelele, Bi Uzi akaja na mkasi mkononi.

Ila kina kasoro, na ni kasoro ya mwanafunzi: jua la asubuhi limeingia kwa mlango wa uani na kulaza kivuli cha mtu sakafuni, katikati. Kichwa, mkono uliokunjwa, na begi limening'inia mbele. Baba na begi lake la kamera, kajipiga kivuli mwenyewe. Baba huyuhuyu aliyekuwa akichana picha ya mteja kwa kosa la unywele mmoja. Sielewi kwa nini aliitunza.

Jumapili, 14 Aprili

Daktari: tundu limepungua nusu. Tuharakishe lolote tunalotaka aone.

Jumamosi, 20 Aprili

Kazi haiendi haraka. Lenzi ya Baba ilichukua eneo dogo kuliko yangu, kwa hiyo nimekivuta chumba chake huku na huku mpaka nondo za dirisha zikakaa juu ya nondo. Rangi nimeitoa yote, na Mama sasa ni mweusi na mweupe kama chumba. Kazi ya kwanza niliyofanya ilikuwa kukifuta kile kivuli.

Nikaifuta na stuli. Mama akabaki hewani. Na bado kabandikwa.

Jumatano, 1 Mei

Nimegundua. Mtu anaelea kwa kivuli chake. Jicho linapima nafasi kati ya mwili na kivuli sakafuni, na hiyo nafasi ndiyo kuelea kwenyewe. Nilimchorea Mama kivuli mara kumi na mbili. Vyote uongo.

Kwa hasira nikakirudisha kile cha Baba, nione tu. Kikalala chini yake barabara, na Mama akapanda. Nasema kweli, niliona akipanda.

Sikufurahi. Nilitaka picha hii iwe ya Mama peke yake, na hata hapa Baba kajitia katikati. Lakini kazi ni kazi. Nimemwacha.

Jumapili, 5 Mei

Mvua ya rasharasha tu. Kaka anatengeneza fremu. Kapima mara tatu.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Siku ya tano sasa bila tone, nguo zinakauka hadi kola.

Tulimpelekea picha asubuhi, mimi, Kaka na Bi Uzi. Nimeichapa kubwa, upana wa kifua cha mtu. Mama alikaa karibu na dirisha la chumba chake, tukamlalia picha mapajani, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Haoni picha nzima tena. Anaisoma kipande kipande, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Akaanzia kona ya juu.

"Dirisha," akasema. "Nondo ya tatu imepinda." Akaipapasa kwa kidole. "Hii nondo kaka yako aliipinda kwa kichwa. Iliponyooshwa wewe hukuwa umezaliwa. Chumba hiki umekitoa wapi?"

"Kwa Baba. Mimi nilisahau kupiga."

Nilijiandaa kwa maneno. Alinicheka tu, akaendelea kuteremka. Akafika kwenye uso wake. Alikaa hapo muda mrefu, kidole kikifuata shavu, shingo, mabega, pindo la gauni lililopeperuka.

"Loo," akasema taratibu. "Nimezeeka hewani."

Kaka akajifanya anaikagua fremu. Mimi sikuweza hata kujifanya.

Kidole kikashuka kwenye sakafu tupu, kikasimama.

"Na hiki?"

"Kivuli cha Baba," nikasema. "Na begi lake la kamera. Samahani, Mama, nilijaribu kukifuta, picha ikakataa."

"Baba yako yupi? Baba yako aliyekuwa mwembamba kama stendi yake?" Akainama tena, akapeleka jicho huku na huku. "Huyu ni mimi. Nimesimama kwenye mlango wa uani."

"Na begi?"

"Begi gani, we mtoto? Hilo ni wewe, tumboni. Ulikuwa na miezi minane."

Kaka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bi Uzi alinipima kwa macho juu hadi chini, akasema kweli, umbo halijabadilika sana.

Mama hakucheka nao. Alikuwa kule. "Siku hiyo miguu ilikuwa imenivimba," akasema. "Akaniambia sogea, unanizibia mwanga. Nikamwambia leo sisogei, nimechoka, piga hivyohivyo. Akapiga. Nikajua ataitupa. Halafu akaibeba stuli yake ile ya kuelea, akaniwekea mlangoni nikae. Tangu siku hiyo ilikaa mlangoni, mpaka mteja wa kuelea aje."

"Lakini aliendelea kukufukuza," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. "Kila siku, Mama. Nilikuwa nasikia. Hata kugeuka hageuki."

"Ndiyo. Hageuki, na anajua nimefika." Akatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa, akakosea kidogo. "Ulidhani nilikuwa naenda pale kutazama kamera? Nilikuwa naenda kuambiwa nisogee. Nasogea kidogo tu, kesho narudi."

Miaka arobaini na kitu nimemwekea mtu kinyongo kwa niaba ya mwenye kufurahi. Nilipiga magoti kando ya kiti, nikainama juu ya picha kukitazama kile kivuli upya: kichwa chake, mkono wake umeshika kiuno kwa uchovu, na mimi mbele yake. Juu yetu yeye mwenyewe, ana miaka sabini na minne, hajashikilia chochote. Machozi yakanitoka, nikayakinga kwa mkono yasidondokee karatasi.

Mama akanigusa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea, ila kidogo tu.